Mistari Miwili Mgongoni mwa Korongo

Baba yangu alikuwa fundi seremala pale Karatu, na alikuwa na namna yake ya kutengeneza jeneza ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Hakutumia futi. Futi ilikuwa ya milango, madawati na vitanda vya watu wazima na afya zao. Kwa marehemu alikata kamba ya katani, akaingia peke yake chumbani alikolazwa, akatoka na kamba ina mafundo mawili: moja la miguu, moja la kichwa. Kamba hiyo aliilaza juu ya ubao, akachora mstari wa penseli kwenye kila fundo, halafu akaongeza vidole vinne kila upande, maana alisema marehemu habanwi. Kamba ilirudi ndani ya jeneza pamoja na mwenyewe. Vilivyobaki vyote, maranda, vumbi, vipande, hata kile ambacho kingetosha kigoda, alivichoma siku hiyohiyo nyuma ya karakana kabla hajanawa mikono.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini. Akaniambia kipande cha jeneza kikiachwa juu ya ardhi kinamwita mwingine wa nyumba ileile. Alisema hivyo kama mtu anayekueleza kwamba moto unaunguza, akaendelea kupiga randa. Mama alipofariki nilimwona akichoma ubao mzima wa podo ambao aliuhifadhi miaka mingi kwa ajili ya kabati lake Mama. Hakutikisika hata kope.

Mimi nikakua, nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi na kiburi changu. Nilipangiwa shule ya msingi Rhotia, darasa la tatu na la nne. Mambo ya vipande kuita watu niliyaweka kapu moja na ya bundi na paka weusi. Mtu aliponitajia nilicheka, tena kwa sauti, maana nilikuwa binti mwenye mdomo na sikujua kunyamaza.

Hiyo ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na rangi ndiyo kabisa, usitaje. Kujitolea kulikuwa neno la kila mkutano. Siku moja akaja shuleni bwana nyama mmoja, ndivyo tulivyowaita watumishi wa hifadhi, mtu mrefu mwenye kikohozi. Alisema kule lango la Ngorongoro kuna chumba cha kuwapumzishia wanafunzi wanapongoja gari, na ndani yake hakuna kitu isipokuwa fuvu la nyati na ramani iliyochanika. Vitabu vya ndege hakuna. Watoto wa hapa, waliozaliwa chini ya mlima uleule, walikuwa hawajui kutofautisha tai na kunguru. Alikuwa ameona michoro yangu ubaoni. Akaniomba nimtengenezee ndege wa mbao, wa kutundika ukutani, kwa ukubwa wao halisi, ili mtoto amguse ndege kwa mkono wake. Malipo hakuna, alisema, lakini chai ipo. Nikakubali kabla hajamaliza kukohoa.

Basi kila Jumamosi nikawa nashuka Karatu kwa Baba. Nilichora ndege kwenye karatasi za manila, nikamkata kwa mkasi, nikamlaza juu ya mbao za masanduku ya chai, nikampitishia penseli pembeni. Baba alikata kwa msumeno wake mwembamba wa mapindo, ulimi ukiwa nje kidogo, kama mtoto anayejifunza kuandika. Msasa wa dukani haukuwepo. Tulisugua kwa majani ya mti wa msasa wenyewe. Brashi nilitengeneza kwa nywele za mkia wa ndama. Nyeusi ilikuwa masizi ya kibatari, nyeupe chokaa, nyekundu ule udongo wanaojipaka Wamasai, niliopewa na mama mmoja mnadani baada ya kunicheka vya kutosha. Mgongo wa kwenzi niliupaka kwa bulu ya kufulia. Njano niliipata kwa dereva wa greda la barabara, kopo la robo, na nililitunza kuliko macho yangu.

Nilitengeneza kwenzi, kambu, kanga, heroe mmoja mwenye shingo iliyovunjika mara mbili. Nikatengeneza bundi pia, kwa makusudi, kuwachokoza. Yule mama aliyefagia kile chumba akasema bundi akiingia yeye anatoka, na akatoka kweli, chumba kikakaa wiki tatu hakijafagiwa. Bwana nyama akanirudishia bundi wangu kwa upole, amefungwa gazetini. Nilinuna mwezi mzima.

Alichokitaka bwana nyama kuliko vyote ni korongo mwenye taji. Alitaka mkubwa, wa kusimama peke yake katikati ya ukuta, mtoto asimame kando yake wapimane. Masanduku ya chai hayakutosha. Korongo anataka ubao mpana usio na kiungo. Plaiwudi katika Karatu yote alikuwa nayo Baba peke yake, shiti moja, aliyoagizwa na parokia kwa mlango wa kabati. Nilimwomba. Akasema si yake. Nikamwomba tena, nikamnunia, nikasema ndege wa watoto ni kazi ya Mungu vilevile. Akasema Mungu ameagiza kabati.

Wakati wa masika mwaka ule dada yangu mkubwa, aliyeolewa Mbulumbulu, alishuka na mtoto wake mgongoni kumleta zahanati. Ilikuwa surua. Mtoto alikuwa wa kiume, wa pekee, anakaribia miaka mitatu, mwenye tabia ya kushika sikio la mtu anapobebwa. Alikaa kwetu siku nne. Siku ya tano, asubuhi, Baba alikata kamba.

Mbao nyingine hazikuwepo, kwa hiyo ile plaiwudi ya parokia ndiyo iliyotumika. Nilikuwa karakana nikimshikia. Aliilaza ile kamba fupi, akachora mstari wa miguu, akachora mstari wa kichwa, akachukua msumeno, akaanza kuusogeza pale pale kwenye mstari. Kisha akasimama. Alikuwa amesahau vidole vinne. Miaka thelathini ya kazi hiyo, hakuwahi kusahau. Akabaki ameangalia ile mistari miwili na nafasi iliyo katikati yake, halafu akaigeuza plaiwudi, akapima upya kwenye ncha ya pili, akakata.

Alipomaliza aliniambia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, nichome mimi. Alisema mikono yake haina nguvu. Akaingia ndani kukaa na waombolezaji.

Nilichoma maranda. Nilichoma vumbi na vipande vidogo vyote. Kipande kikubwa, chenye ile mistari miwili, nilikishika mkononi, na ningependa kusema kwamba nilimfikiria mtoto wa dada yangu. Sikumfikiria. Nilifikiria korongo. Nilijiambia kuchoma plaiwudi nzuri mwaka kama ule ni ujinga wa wazee, na kwamba mimi nimesoma. Nikakifunga kwenye kanga, nikakificha nyuma ya banda la kuku, na Jumapili jioni nikapanda nacho Rhotia. Naona aibu hadi leo ninapoandika maneno haya.

Nilikaa nacho chini ya kitanda miezi mitatu. Kisha nikamchora korongo. Ile mistari ya Baba ilikuwa upande wenye ukakasi, upande ambao ungelala ukutani, na Mungu anisamehe, niliitumia: miguu nikaiweka kwenye mstari wa chini, ncha ya taji kwenye mstari wa juu. Ilinifaa sawasawa. Nilimkata mwenyewe, kwa msumeno wa kuazima, kwa sababu nisingethubutu kumpelekea Baba. Nilimpaka kijivu cha masizi na chokaa, shavu jeupe, lile bawa lenye kahawia, na taji nikaimalizia njano yote ya greda. Sijawahi tena kutengeneza ndege kama yule. Jicho lake lilikufuata chumba kizima.

Bwana nyama alimtundika katikati ya ukuta akakaa kimya, yeye ambaye hakuwahi kukaa kimya hata dakika kwa kikohozi chake. Watoto walipanga mstari kupimana naye. Sifa zikashuka hadi Karatu, sokoni watu wakawa wananiita mama korongo, na mimi kichwa kikanivimba. Baba nilimwambia plaiwudi nilipewa na hifadhi. Alifurahi. Alisema siku moja atakwenda kumwona.

Mwaka uliofuata dada akapata mimba. Alipofika mwezi wa saba akashuka kwa Baba kungojea karibu na hospitali. Si dada niliyemjua. Dada yangu alikuwa mtu wa kelele, wa kuimba akipepeta maharage. Huyu aliyekuja alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni, mkono juu ya tumbo, akihesabu mtoto anavyocheza. Asipocheza alikuwa anasimama, anatembea uani, anakaa, anasimama tena. Chakula kilimshinda. Mkunga alisema asipopata usingizi ataanguka kabla ya siku zake.

Jumamosi ya kwanza nilipofika, tulikuwa tunakunywa chai, akamgeukia Baba akamuuliza kama siku ile vipande vyote vilichomwa. Baba akajibu kwamba aliniachia mimi. Wote wawili wakanitazama.

"Nilichoma," nikasema.

Dada akashusha pumzi, akanywa chai yake. Lakini Jumamosi ya pili aliniuliza tena, na ya tatu. Kila mara nilijibu vilevile, na kila mara neno lilikuwa zito zaidi kulitoa. Mimi nisiyeamini vipande vinaita watu nilianza kuhesabu mtoto anavyocheza, kimoyomoyo, nikiwa darasani, kana kwamba tumbo lile lilikuwa langu. Usiku mmoja wa Jumamosi, nilipolala chumba kimoja na dada, nilitaka kumwambia. Nikawaza: nikimwambia sasa, atapata hofu na mtoto atatoka. Nisipomwambia, na mtoto akafa, nitaishi vipi? Na je, nikimpeleka yule ndege motoni kimyakimya, si itakuwa kama hakuna kilichotokea? Hilo la mwisho ndilo lililonivutia, kwa sababu mimi ni mwoga nikivuliwa mdomo wangu.

Sikuwahi kulifanya. Kule mlimani ukungu hauachi mbao salama. Miguu ya korongo ilianza kufumuka, tabaka za plaiwudi zikawa zinaachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Bwana nyama akatuma salamu kwa Baba, si kwangu, kwamba anaomba fundi aje na gundi. Jumamosi iliyofuata nilimkuta Baba yupo tayari kando ya barabara, ameshika kisanduku cha vifaa, amevaa koti lake la kanisani. Nilipanda naye lori. Nilikuwa na safari nzima ya kumwambia. Nilimweleza habari za mitihani ya darasa la nne.

Alisimama mbele ya korongo muda mrefu, kofia mkononi. Alisema taji nimeipatia. Akamshusha taratibu, akamlaza kifudifudi juu ya meza ili apake gundi miguuni, na mikono yake ikasimama hewani.

Fundi anaijua penseli yake. Aliinama, akaweka kidole gumba kwenye mstari wa chini na kidole cha kati akakinyoosha kuelekea wa juu, hakikufika, akashika kwa mikono miwili. Bwana nyama aliuliza kama miguu itashika. Baba akamwambia, kwa adabu kabisa, kwamba ndege huyu ni mgonjwa zaidi ya alivyodhani, na kwamba harudi ukutani. Alivua koti akamfunika nalo.

Tulirudi kwa lori lililobeba ngano, korongo amelala mapajani mwake, kafunikwa. Alimshika jinsi ile mtu anavyomshika mtoto aliyesinzia, mkono mmoja nyuma ya kichwa. Nilimwangalia nikalia, na yeye aliangalia barabara. Tulipoiona Karatu ndipo aliposema.

"Utamwambia mwenyewe, mama. Na utamwambia leo."

Nilisema namhofia mtoto aliye tumboni. Akasema mtoto yuko kwenye hofu tangu mwezi wa kwanza, na hofu isiyojua jina lake ndiyo inayomla dada yangu. Akasema pia kwamba kosa la kwanza ni lake, kwa kuacha kazi yake mikononi mwa mtu mwingine. Hilo liliniuma kuliko kama angenichapa.

Dada alikuwa uani, jua la alasiri likimpiga miguuni. Baba alimweka korongo kwenye benchi la karakana, akasimama mlangoni. Nikamwambia dada kila kitu, nimepiga magoti kwenye maganda ya maharage: kipande, banda la kuku, kitanda, uongo wa Jumamosi tatu. Sikujitetea.

Hakupiga kelele. Aliinuka kwa shida, mkono kiunoni, akaingia karakana. Alimtazama korongo usoni. Kisha akamgeuza.

"Ni nini hii?" akamuuliza Baba.

Baba akamweleza: hii miguu, hii kichwa. Akamweleza na vidole vinne alivyosahau. Kwetu mama haingii chumbani wakati wa kupima. Dada hakuwa ameiona ile kamba, hakuwa ameona chochote isipokuwa sanduku lililofungwa. Alipitisha kiganja kutoka mstari wa chini hadi wa juu, polepole, akarudia. Halafu akamsimamisha yule ndege sakafuni, karibu na paja lake, kama mtoto anayesimama kando ya mama yake dukani. Mstari wa juu ulimfika kwenye nyonga.

"Alinifika hapa," akasema. "Mwaka mzima nimekuwa nikijaribu kukumbuka alinifika wapi."

Ndipo alipolia, na Baba naye, na mimi pale chini. Alilia kwa sauti, kana kwamba hakuwa amelia siku ya mazishi, na nadhani kweli hakuwa amelia. Tulimwacha. Baadaye alijipangusa kwa kanga, akanitazama mimi juu hadi chini.

"Ungeniuliza ningekataa," akaniambia. "Lakini ungeniuliza."

Alimwomba Baba penseli. Alimsimamisha korongo kwenye mwimo wa mlango wa karakana, miguu kwenye kizingiti, akachora mstari mfupi pale ulipofika mstari wa Baba. Kisha akasema tuwashe moto. Nikakusanya maranda. Aliponyoosha mkono nimsaidie kubeba nilishika upande wa miguu, yeye wa kichwa. Niseme ukweli wote: nilipoona ile taji inakaribia ndimi za moto, roho iliniuma kwa ajili ya taji, na nikajichukia kwa kuumia. Dada alimlaza uso chini, mgongo juu, mistari yote miwili ikionekana. Tulisimama watatu, tukaiangalia mpaka ilipotoweka. Baba akaleta maji, tukanawa mikono.

Usiku ule dada alilala. Alikoroma, jamani, nyumba nzima ikatikisika, na Baba akakaa mlangoni akimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio.

Mtoto alizaliwa wakati wa kuvuna ngano, wa kike, mweusi tii, mwenye mapafu ya tarumbeta. Sikuamini kuitwa kwa vipande kabla, wala siamini sasa. Lakini sijawahi tena kumcheka anayeamini. Bwana nyama nilimtengenezea ndege wengine wengi, kwa masanduku ya chai. Korongo sikumrudia, na ule msumari wa katikati ya ukuta ulibaki bila kitu, naye hakuniuliza.

Kila dada aliposhuka Karatu alimsimamisha yule binti kwenye mwimo wa karakana. Mwanzo alimshika kwapani, maana alikuwa hajaweza kusimama. Baba alichora, kidogo kidogo, mistari ikapanda kuelekea ule wa korongo. Hakuna aliyesema lolote kuhusu ule mstari. Binti aliugua surua naye, akapona. Aliugua malaria mara mbili, akapona. Kila homa yake dada alikonda, na kila Jumamosi mimi nilipita mlango ule nikitupa jicho kwenye mwimo, nisitake kuonekana naangalia.

Kisha siku moja nikiwa ninafundisha kuzidisha, nikamwona dada dirishani. Alikuwa akirudi Mbulumbulu kutoka kwa Baba, viatu mkononi, vumbi hadi magotini, na binti amemshika sikio kutoka mgongoni. Hakunisalimu.

"Mdogo wangu," akasema, "ameupita."

Niliweka chaki chini. Darasa lote liligeuka kunitazama, nikawaruhusu watoke mapema, ingawa kengele ilikuwa bado.